Mwaka 1820 kwenye chupa ni mwaka wa duka: asili ya Johnnie Walker

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninafanya kazi ya kaunta katika baa moja hapa Arusha, na wateja wangu wamekuwa wakibishana kuhusu Johnnie Walker. Mmoja anasema mzee huyo alianza kupika wiski mwaka 1820 na kwamba ndiye aliyechorwa kwenye chupa. Wa pili anasema alikuwa muuza duka tu, hakuwahi kuwa na kiwanda. Wa tatu anasema nyekundu na nyeusi ni kinywaji kimoja, zinatofautiana rangi ya karatasi na bei. Baba mkwe wangu naye ana chupa tupu ya zamani iliyoandikwa Kilmarnock, na anashikilia kwamba hadi leo wiski hii inatoka huko. Nani kati yao yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Aliye karibu zaidi na ukweli ni mteja wako wa pili, ingawa anamdharau mwenye duka kuliko inavyostahili. Wengine wote wana kipande cha ukweli mkononi, isipokuwa huyo wa tatu, ambaye nitamfikia.

John Walker alizaliwa tarehe 25 Julai 1805 katika familia ya wakulima karibu na mji wa Kilmarnock, katika jimbo la Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti. Baba yake, Alexander, alifariki mwaka 1819, wakati John akiwa na miaka 14. Mali ya shamba iliuzwa, zikapatikana pauni 417, na fedha hizo, zikiwa chini ya wadhamini, zikatumika kumfungulia kijana duka la vyakula, mvinyo na pombe kali mjini Kilmarnock. Duka hilo lilifunguliwa mwaka 1820. Ndiyo asili ya tarakimu zinazosomeka kwenye chupa hadi leo: huo si mwaka ambao wiski yoyote ilitengenezwa na mtu anayeitwa Walker, wala si mwaka wa kuzaliwa kwake, ingawa tangazo maarufu la mwanzoni mwa karne ya 20 lilidai kwamba Johnnie Walker alizaliwa 1820 na bado yuko imara. Aliyezaliwa mwaka huo ni biashara. Mwenye biashara alikuwa tayari na umri wa miaka 15, akipima chai na sukari nyuma ya kaunta kama unavyopima wewe vinywaji.

Duka la aina ile liliuza chai, viungo, matunda makavu na mahitaji mengine ya nyumbani, na pombe ilikuwa bidhaa mojawapo miongoni mwa nyingi. Mwenye duka alinunua wiski kwa pipa kutoka kwa watengenezaji wadogo, na hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu mapipa hayakufanana. Pipa la mwezi huu lilikuwa kali lenye moshi, la mwezi ujao likawa jepesi, la tatu likawa na ladha ambayo mteja hakuipenda kabisa. Muuzaji aliyetaka mteja arudi alilazimika kutafuta namna ya kumpa kitu kinachofanana na kile alichokinywa jana. Wiski iliyotoka katika duka la John ilijulikana kama Walker's Kilmarnock Whisky, na ilijijengea sifa nzuri mjini na katika eneo la jirani.

Matangazo ya leo hupenda kusimulia kwamba John alijifunza kuchanganya wiski kutokana na uzoefu wake wa kuchanganya majani ya chai. Ni simulizi linalopendeza, na huenda lina chembe ya ukweli, lakini mimi silipi uzito mkubwa, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya maisha yake sheria na mitambo ya wakati huo havikumruhusu mwenye duka kufanya kile tunachokiita leo kuchanganya wiski. Inakadiriwa kwamba enzi za John wiski ilichangia kama asilimia 8 tu ya mapato ya biashara. Kama angefufuka leo na kuambiwa kwamba jina lake liko katika kila baa kuanzia Mombasa hadi Montreal, bila shaka angedhani ni kwa ajili ya chai.

Kilichoibadilisha wiski kutoka bidhaa ya pembeni kuwa utajiri wa familia kilikuja kutoka nje ya duka. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyopunguza ushuru na kuweka leseni yenye masharti nafuu, hata watengenezaji wengi waliokuwa wakijificha mabondeni wakaona ni heri kulipa kuliko kukimbizana na maofisa. Kisha, mwaka 1830, Aeneas Coffey, raia wa Ireland aliyekuwa ofisa wa ushuru kabla ya kugeukia uhandisi, alipata hataza ya mtambo mpya wa kukeneka pombe. Ili uone uzito wa jambo hili, kumbuka namna gongo linavyotengenezwa: chombo kinapashwa moto, mvuke unapanda, unapitishwa mahali pa baridi, unadondoka ukiwa kimiminika, na kazi ikiisha chombo kinamwagwa na kuanza upya. Wiski ya kimea cha shayiri inatengenezwa kwa kanuni hiyohiyo, isipokuwa chombo chake ni cha shaba, nayo inakenekwa angalau mara mbili na kusimamiwa kwa uangalifu mkubwa. Mtambo wa Coffey ulikuwa mnara uliofanya kazi mfululizo bila kusimama, ukipokea kimiminika cha nafaka yoyote, iwe ngano au mahindi, na kutoa pombe safi, nyepesi na ya gharama ndogo kwa wingi ambao chungu cha shaba hakiwezi kuufikia.

Sasa fikiria mfanyabiashara mwenye aina mbili za wiski mbele yake: ile ya kimea, yenye ladha nzito, moshi na bei kubwa, na ile ya nafaka, laini, rahisi kunyweka na ya bei nafuu. Akili inamtuma azichanganye. Kilichomzuia ni ushuru, kwa sababu alilazimika kuulipa kwanza, akatoa wiski katika ghala la forodha, ndipo achanganye, na hivyo kufungia mtaji wake katika bidhaa ambayo bado haijauzwa. Sheria ya mwaka 1853 iliruhusu wiski za umri tofauti kuchanganywa zikiwa bado ndani ya ghala la forodha kabla ya kulipiwa ushuru, na sheria ya mwaka 1860 ikaruhusu za kimea na za nafaka kuchanganywa humo humo. Kuanzia hapo mchanganyiko ungeweza kuandaliwa kwa maelfu ya galoni, ukalipiwa ushuru pale tu unapotoka kwenda sokoni. Mimi huwaambia watu kwamba kama wanataka tarehe ya kweli ya kuzaliwa kwa wiski iliyo ndani ya chupa ile, waiweke 1860 na waache 1820 kwa ajili ya duka.

John hakuiona hatua hiyo ya mwisho. Reli ilikuwa imefika Kilmarnock mwaka 1843 na kuuunganisha mji na Glasgow, na mwaka 1852 mafuriko yaliingia mjini na kuharibu sehemu kubwa ya bidhaa zake, ingawa biashara iliinuka tena kwa haraka. Alifariki mwaka 1857. Mwanawe, aliyepewa jina la babu, Alexander, alikuwa ameingia katika biashara mwaka mmoja kabla, na kwa maoni yangu huyu ndiye mtu ambaye wateja wako wangepaswa kubishana kumhusu.

Alexander alikuwa mfanyabiashara mwenye macho ya mbali. Katika miaka ya 1860 aliandaa mchanganyiko alioupa jina Old Highland Whisky, na mwaka 1867 akausajili ili asiigwe. Ni katika enzi zake pia ambapo chupa ya mraba ilianza kutumika. Chukua chupa moja kutoka rafu yako uiangalie kwa makini: pande zake nne ni bapa, kwa hiyo chupa zikipangwa katika kreti zinagusana ubavu kwa ubavu bila kuacha nafasi, zinaingia nyingi zaidi katika kisanduku kimoja, na hazibingirikibingiriki na kuvunjika njiani. Kisha tazama lebo, ambayo haikubandikwa wima bali imelazwa kwa mshazari wa nyuzi 24. Mshazari huo unaufanya mstari wa maandishi kuwa mrefu zaidi, hivyo jina linaweza kuandikwa kwa herufi kubwa, na jicho la mteja aliyesimama mbali linaikamata lebo iliyoinama kabla ya zile zilizonyooka. Hayo ni mambo mawili ya kawaida kabisa, hayana uhusiano wowote na ladha, lakini hadi leo mtu asiyejua kusoma anaweza kukuonyesha Johnnie Walker kwa kidole.

Alexander pia aliwakabidhi manahodha wa meli zilizotoka Glasgow shehena za wiski ili waiuze katika bandari walizofikia, wakijipatia kamisheni, na kwa njia hiyo bidhaa ya mji mdogo wa bara ikasafiri hadi mahali ambapo hapakuwa na wakala yeyote wa Walker. Bahati nayo ilimpigia hodi. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu wa mizabibu aitwaye filoksera aliiangamiza mizabibu ya Ufaransa, brandi ikaadimika, na matajiri wa London waliozoea brandi na soda wakaanza kutafuta kitu kingine cha kuchanganya na soda yao. Mwaka 1880 kampuni ilifungua ofisi London. Alexander alipofariki mwaka 1889, wiski, ambayo kwa baba yake ilikuwa asilimia 8 ya mapato, ilikadiriwa kuwa imefikia asilimia 90 hadi 95.

Kuhusu kiwanda, mteja wako wa pili anasema kweli kwa habari ya John mwenyewe. Familia ilinunua kiwanda chake cha kwanza cha kukeneka wiski mwaka 1893, miaka 36 baada ya John kuzikwa. Kiwanda hicho ni Cardhu, kaskazini mwa Uskoti, katika bonde la Speyside, na historia yake ni nzuri kuliko ya duka. Kilianzishwa mwaka 1811 na mkulima John Cumming bila leseni, na mke wake, Helen, husimuliwa kwamba alikuwa akiwakaribisha mezani maofisa wa ushuru waliokuja upelelezi, kisha, wao wakiwa wanakula, anapandisha bendera nyekundu nje ili majirani wafiche mitambo yao. Kilipata leseni mwaka 1824. Mkaza mwana wake, Elizabeth Cumming, alikijenga upya katika miaka ya 1880, na mitambo iliyochakaa akamuuzia William Grant, aliyeitumia kuanzisha Glenfiddich, ambayo bila shaka nayo unaiuza. Ni Elizabeth aliyewauzia kina Walker kiwanda hicho kwa pauni 20,500, kwa makubaliano kwamba familia yake iendelee kukiendesha. Kwa hiyo wanawake wawili wa shamba moja walishughulika na utengenezaji wa wiski kwa miongo mingi zaidi kuliko John Walker, na hakuna hata mmoja wao aliyepata nafasi kwenye ile lebo ya mshazari.

Sasa yule bwana aliyechorwa. Wajukuu wa John, hasa George na Alexander wa pili, wakisaidiana na meneja wao James Stevenson, waliingia karne ya 20 na tatizo la majina. Mwaka 1906 walikuwa na wiski tatu zilizotofautishwa kwa umri, ya miaka 5, 9 na 12, na majina yake rasmi yalikuwa marefu na yanafanana, yote yakiishia na Old Highland, huku lebo zikiwa nyeupe, nyekundu na nyeusi. Wateja, kama ilivyo kawaida yao kila mahali, waliacha majina na kuagiza kwa rangi. Mwaka 1909 kampuni ilikubali yaishe, ikazisajili kwa majina ya Red Label na Black Label. Ile nyeupe iliachwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka mmoja kabla, yaani 1908, mchoraji wa vibonzo Tom Browne alikutana na wakuu wa kampuni wakati wa chakula cha mchana, na hapo hapo, nyuma ya kadi ya orodha ya vyakula, akamchora bwana anayetembea kwa hatua ndefu. Mtazame vizuri: kofia ndefu, koti jekundu, suruali nyeupe ya kubana, buti zinazofika karibu na goti, miwani ya kushika mkononi na mkwaju wa kutembelea. Hayo ni mavazi ya bwana wa mjini wa mwanzoni mwa karne ya 19, mtu wa mbio za farasi na karamu. Mwenye duka wa Kilmarnock aliyevaa aproni siku sita za wiki hakuwa na mahali pa kuyavaa. Tom Browne alichora mawazo yake kuhusu mtu mwenye jina lile, miaka 51 baada ya mwenye jina kufariki, kwa hiyo mteja wako wa kwanza anaweza kusema kwamba mchoro unamwakilisha John Walker, lakini asiseme kwamba ni sura yake.

Miaka hiyo hiyo wachanganyaji walikuwa na hofu nyingine, ambayo haitajwi sana. Katika mwaka 1905 mamlaka za Islington, London, ziliwashtaki wauzaji kwa kuuza kama wiski kitu ambacho kwa sehemu kubwa kilikuwa pombe ya nafaka kutoka mitambo ya Coffey. Kama hoja hiyo ingeshinda, Johnnie Walker isingeruhusiwa kuitwa wiski. Tume ya Kifalme iliundwa, ikakaa, na mwaka 1909 ikaamua kwamba ya kimea, ya nafaka na mchanganyiko wao zote ni wiski. Uamuzi huo, kwa mtazamo wangu, ulikuwa na maana kubwa kwa chapa hii kuliko mchoro wa Browne, japokuwa mchoro ndio unaosimuliwa.

Nimfikie mteja wa tatu. Kwa sheria, wiski yoyote ya Kiskoti lazima ikae katika mapipa ya mwaloni ndani ya Uskoti kwa muda usiopungua miaka 3 na ijazwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Red Label haitaji umri wowote, maana yake kampuni inaahidi kile kiwango cha sheria na inabaki huru kutumia wiski changa, na ladha yake ya kuchoma kidogo imekusudiwa kuchanganywa na soda au tangawizi. Black Label imeandikwa miaka 12, na namba hiyo si wastani: ni umri wa wiski iliyo changa kuliko zote humo ndani, kwa hiyo hata tone moja la wiski ya miaka 11 lingeifanya namba hiyo kuwa uongo mbele ya sheria. Katika miaka yote hiyo pipa linapoteza kwa uvukizi takriban asilimia 2 ya kilichomo kila mwaka, na ghala linaendelea kudai gharama zake, jambo ambalo linaeleza sehemu ya tofauti ya bei. Black Label pia ina moshi unaosikika zaidi, unaotokana na wiski za visiwa vya magharibi kama Caol Ila ya Islay, ambako kimea hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa vinamasi unaochomwa kama kuni.

Hata hivyo, bei haifuati umri siku zote, na hapa wateja wengi hudanganyika. Blue Label, iliyotoka mwaka 1992 na inayouzwa kwa bei ya mbuzi kadhaa, haina namba ya umri kwenye lebo yake, ilhali Green Label, yenye wiski za kimea peke yake, imeandikwa miaka 15 na inapatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Pia wiski haikui ikiwa chupani. Black Label iliyokaa kabatini miaka 20 bado ni ya miaka 12.

Lililobaki ni la baba mkwe. Familia ya Walker iliacha kuimiliki kampuni peke yake zamani sana: mwaka 1925 iliungana na Distillers Company, mwaka 1986 Distillers ikanunuliwa na Guinness katika ununuzi uliogubikwa na kashfa ya hisa iliyowapeleka baadhi ya wakubwa gerezani, na mwaka 1997 Guinness ikaungana na Grand Metropolitan kuunda Diageo, inayomiliki chapa hii. Mchanganyaji mkuu tangu mwaka 2022 anaitwa Emma Walker, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na hana undugu na familia. Mwaka 2009 Diageo ilitangaza kwamba itafunga kiwanda cha kujazia chupa cha Kilmarnock, na maelfu ya watu waliandamana mitaani kupinga, lakini uamuzi haukubadilika. Mashine zilizimwa mwezi Machi 2012, ajira zipatazo 700 zikapotea, na kazi ikahamishiwa Leven, katika jimbo la Fife, na Shieldhall, Glasgow.

Chupa ya mzee, basi, inasema kweli kuhusu wakati wake, lakini haiwezi kutumika kama ushahidi wa leo. Mwambie pia kwamba sheria inailazimisha wiski ya kimea ya kiwanda kimoja kujazwa chupani ndani ya Uskoti, lakini ile ya mchanganyiko, kama Red Label, inaweza kusafirishwa ikiwa katika matangi baada ya kukomaa na kujazwa chupani katika nchi nyingine. Akitaka kujua chupa fulani imejazwa wapi, asome maandishi madogo ya lebo ya nyuma, chini kabisa, karibu na jina la mwagizaji.